Barua zenu: Binti wa mfalme aliyepandishwa mashua kwenda kuwa mke wa mungu

Toleo lililopita tuliweka kipande kidogo, nusu ukurasa tu, kuhusu Nitocris, bintiye mfalme Psamtik wa Kwanza wa Misri ya kale, vile alipelekwa mji wa Thebes mwaka 656 KK (hapo ndo Luxor ya leo) akawe kuhani mkubwa wa kike wa mungu wao Amun. Nusu ukurasa, na barua zimekuja nyingi kuliko za mapishi ya Ramadhani! Basi mwezi huu ukurasa wote ni wenu. Maswali yaliyofanana nimeyaweka pamoja.

*

*Salaam aleikum. Mumeandika ati huyo binti aliitwa "mke wa mungu". Mimi nilipofika hapo nikalifunga gazeti. Hebu tuelezeni, walikuwa wanamaanisha nini na maneno hayo, na je, alikuwa na mume binadamu ama hakuwa naye? – Msomaji wa Majengo*

Waaleikum salaam dadangu. Nakuelewa kabisa, neno hilo kwa masikio yetu ni zito, na ndo maana kote humu naandika mungu kwa m ndogo, hii ni imani yao ya kale si yetu. Kwa Kimisri cheo kilikuwa *hemet netjer*, na tafsiri yake ni hiyo hiyo, mke wa mungu. Wao waliona mungu wa hekalu yuko kama mfalme ndani ya nyumba yake, anaamshwa asubuhi, anavishwa nguo, analishwa, anaimbiwa, sasa nyumba ya mfalme haikosi mwanamke mwenye cheo anayeipa heshima, na huyo mwanamke ndo alikuwa yeye. Alikuwa na cheo kingine pia, "mkono wa mungu", na hicho kinatokana na kisa chao cha uumbaji ambapo mungu Atum alikuwa peke yake hana mwenza, akaanzisha uhai kwa mkono wake mwenyewe. Nitaishia hapo manake najua gazeti hili linasomwa na watoto.

Sasa mume. Hapa watu wanachanganya nyakati. Wa kwanza tunaowajua vizuri walikuwa wake za wafalme hasa, kina Ahmose-Nefertari, mkewe mfalme Ahmose, miaka kama 1500 na kitu KK, alikuwa na mume na watoto na cheo hiki anacho. Hatshepsut naye alikishika kabla hajajitangaza mfalme, akaja akampa bintiye Neferure. Lakini ukishafika kwa kina Nitocris, miaka 800 au zaidi baadaye, mambo yamebadilika, hao ni mabinti wa wafalme, na hakuna hata mmoja wao tunayemjua kwamba aliolewa au alizaa. Mrithi wake alikuwa anapatikana kwa kulea, yani anachukua binti wa mfalme mwingine anamfanya mwanawe. Na hapo ndo tunaingia kwenye barua iliyonigusa mimi zaidi.

*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, wa kwanza msichana. Niliposoma kwamba babake alimtoa kama zawadi akapelekwa mbali roho iliniuma. Alikuwa na miaka mingapi? Mamake alisema nini? Na huko alikopokelewa alipendwa ama alikuwa mgeni tu wa siasa? – Mama Watatu, Likoni*

Mamangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi mwenyewe nimelelewa na shangazi, nilitolewa kwetu Lamu nikaletwa hapa Mombasa Mji wa Kale nikiwa sijaingia skuli, na kwetu pwani jambo hilo si geni, shangazi hana mtoto wa kike basi anapewa wa kakake amlee, na mtoto anakua ana mama wawili. Kwa hivo niliposoma habari za Nitocris mara ya kwanza sikuwaza siasa, niliwaza ile siku ya kuondoka.

Siku hiyo tunayo kwa maandishi. Kuna jiwe kubwa lilipatikana hekalu la Karnak mwaka 1897, sasa liko makumbusho ya Cairo, ambalo Psamtik aliandikisha habari yote. Linasema binti alitoka nyumba ya mfalme amevaa kitani nzuri na amepambwa, watu wake wengi wamemzunguka, askari wanasafisha njia mpaka gatini, na pale akapanda mashua zikaondoka kwenda kusini kuipanda Nile. Msafara wote ulikuwa chini ya mtu anaitwa Sematawytefnakht, mkuu wa bandari, yani sisi watu wa Mombasa tungemwelewa vizuri kazi yake, kupanga vyombo na mabaharia, na kila jimbo wanalopita mkuu wa pale anatakiwa awe tayari na mkate, pombe ya nafaka, ng'ombe, kuku wa majini na mboga ili mzigo usilemee jimbo moja. Safari ilichukua siku 16. Mto unateremka kwenda kaskazini na upepo unavuma kutoka kaskazini, kwa hivo anayekwenda kusini hutweka tanga, kama vile majahazi yalivyokuwa yakisubiri kaskazi yashuke kuja kwetu. Alipofika Thebes watu walijaa ukingoni, wanaume na wanawake, wanashangilia.

Umri wake jiwe halikuandika. Lakini hesabu unaweza kuifanya wewe mwenyewe, alikaa Thebes mpaka mwaka 585 KK, hiyo ni miaka 71, kwa hivo aliyepanda ile mashua alikuwa mtoto au kigori tu.

Na ni kweli ilikuwa siasa, sitakudanganya. Miaka 7 kabla, mwaka 663 KK, jeshi la Waashuri liliingia Thebes likapora mji, na wafalme wa Kushi (Sudan ya leo) waliokuwa wanatawala pale wakarudi kusini kwao. Psamtik yeye nguvu zake zilikuwa kaskazini, mji wa Sais kule kwenye delta, na Thebes ilikuwa bado haijamkubali kwa vitendo. Angeweza kupeleka askari. Alipeleka binti. Na tena, hii ndo sehemu napenda watu waijue, pale Thebes kulikuwa tayari kuna mke wa mungu, Shepenupet wa Pili, bintiye mfalme Piye wa Kushi, na Shepenupet ameshamlea mrithi wake, Amenirdis wa Pili bintiye Taharqa. Hawa ni watoto wa ukoo ulioshindwa! Mfalme mwingine angewafukuza siku hiyo hiyo. Kwenye lile jiwe Psamtik anasema hatafanya jambo lisilofaa la kumtoa mrithi kwenye kiti chake, yeye atampa bintiye kwao wawe mama zake. Basi Shepenupet akampokea, akamwandikia yeye na Amenirdis urithi wa mali yote, ya mjini na ya mashambani. Uhasama wa koo mbili ukamalizwa kwa mtoto kupewa mama mpya, wala hapakupigwa vita.

Alipendwa? Jiwe haliandiki mapenzi, linaandika mikate. Lakini hebu ona mikate yenyewe. Mkubwa wa Thebes wakati huo alikuwa Montuemhat, mtu tajiri sana, kuhani wa nne wa Amun na ndo kama meya wa mji. Huyo akaahidi kila siku kumpa binti mkate wa deben 200, hiyo ni kama kilo 18, na mvinyo hin 5, kama lita mbili na nusu, alafu kila mwezi ng'ombe 3 na mabata bukini 5. Mwanawe Nesptah akaweka fungu lake, na mke wa Montuemhat, Udjarenes, naye akaweka lake. Mke wa Montuemhat alikuwa mjukuu wa Piye! Yani bibi wa ukoo wa Kushi anamtengea chakula mtoto wa mfalme wa kaskazini. Kwetu mtoto wa kulelewa akifika nyumba mpya, majirani wanaleta sahani, na sahani ndo zinakwambia umepokelewa vipi.

Sasa mamake. Mamake aliitwa Mehytenweskhet, bintiye kuhani mkuu wa mji wa Heliopolis. Alisema neno gani siku ile hatujaachiwa. Lakini ukienda Medinet Habu, ng'ambo ya magharibi ya mto, ndani ya ua wa hekalu la Ramses wa Tatu kuna vijumba vya mawe vya hawa wake wa mungu, na kimoja kimegawanywa sehemu tatu: katikati Shepenupet wa Pili aliyemlea, upande mmoja Nitocris mwenyewe, na upande mwingine Mehytenweskhet aliyemzaa. Mama hakuwa mke wa mungu, hakuwa na cheo cha kumuweka pale. Yuko pale kwa sababu ya bintiye. Mama aliyezaa na mama aliyelea, na mtoto wao, chumba kwa chumba. Mimi nilipoona ramani ya hicho kijumba nililia, nakwambia kweli.

*

*Kazi yake ya kila siku ilikuwa gani hasa? Ama alikuwa anakaa tu anapigwa upepo? Tunasoma Misri skuli lakini ni mapiramidi tu. – Mwanafunzi, kidato cha tatu, Tudor*

Mwanangu, alikuwa na kazi. Kwanza usafi, makuhani wa Misri walikuwa hawaingii ndani na uchafu hata chembe, Herodotus Mgiriki aliyefika huko karne ya 5 KK ameandika kwamba walijinyoa mwili mzima, wakavaa kitani tu na viatu vya mafunjo, wakaoga maji baridi mara mbili mchana na mara mbili usiku. Kwenye kijumba chekundu cha Hatshepsut pale Karnak umechongwa mke wa mungu akiwa na makuhani wanajitoharisha kwenye ziwa la hekalu kabla ya kuingia. Alafu anaingia, anaita mungu aje kwenye mlo wake, anatikisa sistrumu, hicho ni chombo cha shaba chenye mkono na vijiti vinavyolia, mfikirie kayamba lakini la chuma na dogo, sauti yake waliamini inamtuliza mungu na kumfurahisha.

Na kuna ibada moja ambayo wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanaipenda sana, kuchoma sanamu za maadui. Anapewa mwenge na kuhani, maadui wa nchi wamechorwa majina na maumbo, anawatia moto. Hiyo ilikuwa kazi ya ulinzi wa taifa, na ilikuwa mikononi mwa mwanamke.

Baadaye, wakati wa kina Shepenupet na Amenirdis, mamlaka yakapanda zaidi. Majina yao yakawa yanaandikwa ndani ya lile duara refu wanaloandikia majina ya wafalme. Na kwenye kijumba cha Osiris Heqa-djet hapo hapo Karnak Shepenupet wa Kwanza amechongwa anavishwa taji na miungu na ananyonyeshwa na mungu wa kike, picha ambazo kabla yake zilikuwa za mfalme peke yake. Mwalimu wako akikwambia ni mapiramidi tu, mwambie mapiramidi makubwa ya Giza yalikuwa na karibu miaka 1900 wakati Nitocris anapanda mashua, kwake yeye yalikuwa mambo ya kale!

*

*Mimi nauza nguo Marikiti. Nataka kujua pesa. Mali ilikuwa yake ama ya hekalu, na nani alikuwa anashika hesabu? – Bwana wa Marikiti*

Bwana, hili nitakujibu kwa neno moja unalolijua: wakfu. Mali ilikuwa imefungwa kwenye cheo, si kwenye mtu, mashamba katika majimbo mengi ya juu na ya chini, ng'ombe, wafanyakazi, na mke wa mungu akifa inamfuata aliyelelewa kurithi, haiendi kwa kakake wala kwa mfalme. Na kama wakfu ulivyo na mtawali, nyumba ya mke wa mungu ilikuwa na msimamizi mkuu, na hao wasimamizi walitajirika mpaka makaburi yao kule Asasif, Thebes magharibi, ni makubwa kushinda nyumba nyingi za leo. Harwa alikuwa wa Amenirdis wa Kwanza, kaburi lake ni kumbi na nguzo chini ya ardhi. Ibi na Pabasa walikuwa wa Nitocris. Kwa Pabasa kuna picha nzuri ya ufugaji wa nyuki, mizinga imelazwa kama mitungi iliyopangwa na mtu ameinua mikono mbele ya nyuki, asali ilikuwa mali kweli kweli, na watu wa Taita na Kitui wanaotuletea asali hapa wangeitambua hiyo kazi bila kuelezwa.

*

*Hawa walikuwa Waafrika weusi kama sisi ama Waarabu? Hapa tunabishana barazani. – Kijana wa Changamwe*

Waarabu hapo bado kabisa, Uislamu na Kiarabu vimefika Misri karne ya 7 baada ya Kristo, hii ni zaidi ya miaka 1000 kabla. Amenirdis wa Kwanza, Shepenupet wa Pili na Amenirdis wa Pili walikuwa mabinti wa Kushi, wafalme waliotoka Napata karibu na mlima Jebel Barkal, hiyo ni Sudan ya leo. Babake Amenirdis wa Kwanza ni Kashta, na watu wengi wa elimu hiyo wanalisoma jina lake kwamba ni "Mkushi". Kwa hivo ndio, hao watatu ni Waafrika weusi wa Sudan waliokaa kwenye kiti kikubwa cha kidini cha Misri na kukiendesha, na sanamu ya Amenirdis ya alabasta iko Cairo mtu akitaka kuangalia. Nitocris yeye alikuwa wa ukoo wa delta, kaskazini. Na alikubali kuitwa mtoto wa Shepenupet, mama wa Kushi, kwenye maandishi yake, jambo ambalo kwangu mimi linasema zaidi ya huo ubishi wa rangi.

*

*Mwanamke aliwahi kuwa kuhani mkuu kabisa, juu ya wanaume, ama hicho cheo cha mke kilikuwa cha pembeni? Na walimalizikaje? Na mtu akitaka kuwaona aende wapi? – Mwalimu mstaafu, Mtwapa*

Mwalimu mwenzangu, ndio aliwahi. Nitocris alipokuwa mkongwe akamlea Ankhnesneferibre, binti wa Psamtik wa Pili, mwaka 595 KK. Jina refu lakini likate tu vipande, Ankh-nes-nefer-ib-re, maana yake Neferibre anaishi kwa ajili yake, na Neferibre lilikuwa jina la ufalme la babake. Huyu alipewa cheo cha kuhani wa kwanza wa Amun, kiti chenyewe kile cha juu ambacho kabla yake tunaona wanaume tu. Alafu Nitocris akafariki 585 KK na yeye akawa mke wa mungu kamili, akakaa mpaka 525 KK.

Hebu tulia uhesabu. Kuanzia 656, Nitocris alipofika Thebes, mpaka 525 ni miaka 131, maisha ya wanawake wawili tu, mama na mwana wa kulea. Kule kwenye kiti cha ufalme wakati huo huo wamepita Psamtik wa Kwanza, Necho, Psamtik wa Pili, Apries, Amasis na Psamtik wa Tatu, watu sita, na Apries alipinduliwa na Amasis. Wafalme wanapinduana kaskazini, kusini bibi yuko pale pale. Watu wakisema kilikuwa cheo cha pembeni mimi huwauliza pembeni ya nini.

Mwisho ulikuja na Waajemi. Cambyses aliiteka Misri 525 KK, na wafalme wa Uajemi hawakupeleka binti Thebes, mnyororo ukakatika hapo, na cheo hakikurudi tena.

Jeneza la jiwe la Ankhnesneferibre liko London, British Museum, limechongwa maandishi kila upande na yeye mwenyewe yuko juu ya kifuniko. Karne nyingi baadaye, wakati wa Warumi, mwanamume mmoja alilichukua akalitumia yeye, na kwenye maneno ya sala wakawa wanabadilisha "yeye mwanamke" kuwa "yeye mwanamume". Hawakufika mbali. Maandishi ni mengi mno na jina lake limerudiwa kila mahali.

Lakini kama ni safari moja tu, mwalimu, usiende London, nenda Medinet Habu, na Mama Watatu wa Likoni pia nakwambia hivyo hivyo ukipata uwezo. Ukishapita lango kubwa la mawe kila mtu anakimbilia hekalu la Ramses mbele. Wewe geuka mkono wa kushoto. Kile kijumba cha kwanza ni cha Amenirdis wa Kwanza, dari lake ni la tao la mawe, katika matao ya mawe ya zamani kabisa yaliyobaki Misri, alijengewa na Shepenupet wa Pili, mwanawe wa kulea. Na hapo pembeni yake ndo wako wale watatu.